Sahani Zilizorudi Zimejaa Mtoni

Dodoma ndiko nilikoanzia, na nilifunga safari kwa sababu ya habari njema. Najua wenzangu wa huku mtacheka, maana mtu wa ofisi yetu kwa kawaida habebi begi mpaka kuwe na jambo limeharibika mahali. Kazi yangu ni kufuatilia miradi inayolipiwa na fedha za umma, kuona kama inafanya kile inachosema inafanya. Safari hii nilipewa mpango wa kuzuia watu kujiua katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam. Mpango wenyewe ni rahisi kuueleza. Kila mtaa umechagua wakazi wachache wanaoheshimika, wamefundishwa kumsikiliza mtu aliyekata tamaa, kumuuliza bila kuzungukazunguka, kumsindikiza hospitali, na baadaye kumfuatilia nyumbani kwake mpaka atulie. Wanaitwa wasikilizaji. Mtu akishatulia kwa muda wa kutosha, msikilizaji wake anaripoti kwamba amevuka.

Sasa ripoti za Mtoni, kule Temeke, zilikuwa zinasema karibu kila mtu amevuka. Mkuu wangu alizipenda sana, akataka mfano wa Mtoni upelekwe mikoani. Mimi nikasema kabla hatujaupeleka popote, niende nikawaone hao waliovuka kwa macho yangu. Akanitazama kama anamtazama mgeni aliyekaribishwa pilau halafu akauliza mchele umenunuliwa wapi. Lakini ruhusa akatoa.

Majina ya watu nimeyabadilisha humu, na yule ambaye habari yake ni ndefu kuliko za wengine ameniruhusu mwenyewe kuisimulia.

Asubuhi, ndani ya treni ya umeme, nilikaa na baba mmoja mchangamfu aliyekuwa anakwenda kumwona binti yake. Tuliongea kuhusu bei ya vitunguu, joto la Dar na wajukuu. Aliponiuliza nakwenda kufanya nini nikamwambia kazi yangu kama ilivyo. Akasema pole, kama vile nimefiwa, kisha akageukia dirishani kuitazama milima ya Kilosa. Tulipokaribia Morogoro akanigeukia tena, akauliza kwa sauti ya chini kama hao wasikilizaji wako na kwetu. Nikamjibu bado. Hakuniambia anamuulizia nani, na mimi sikumchimba.

Kinondoni nilifika mchana, jasho linanitiririka mpaka nikaona aibu kutoa mkono. Mwenyeji wangu alikuwa Kessy, afisa ustawi wa jamii anayesimamia wasikilizaji wa pande zote nilizopangiwa. Ni kijana mrefu, mpole, mwenye simu mbili mezani ambazo hazipumziki. Kwa upande wa Kinondoni ufuatiliaji aliufanya mwenyewe kwa simu, akaniruhusu nikae kando yake nisikie upande wake. Kila simu ilikuwa fupi. Unaendeleaje? Poa? Haya, tumshukuru Mungu, tutaongea. Kisha anaandika kwamba mtu yuko salama, anapiga nyingine.

Nilimsikiliza mpaka nikashindwa kunyamaza. Nikamkumbusha tabia yetu sote. Mtu amefiwa, au nyumba yake imeezuliwa na upepo, ukimuuliza habari atakujibu nzuri, ndipo alete ila. Nzuri, ila mtoto amelazwa. Habari yenyewe iko baada ya ila, na simu zake zilikuwa zinakatika kabla mtu hajafika huko. Kessy akacheka, akakuna kichwa. Hakujitetea sana. Alisema watu ni wengi, yeye ni mmoja, lakini kwa Mtoni nisiwe na wasiwasi kwa sababu kule hawapigi simu. Kule wana sahani.

"Sahani?"

"Utaona, sista. Nenda kwa Bi Salma ukale kwanza."

Kiwalani nilipita siku iliyofuata, kwa saa chache tu. Mwanamke mmoja, muuza mbogamboga, alikubali kukutana nami nyumbani kwake, na msikilizaji wake alikuwepo anamsaidia kuchambua mchicha. Uwanja wa ndege uko jirani, kwa hiyo ndege ikipita wote tunanyamaza na sentensi zetu mdomoni, ikishapita tunaendelea tulipoishia bila mtu kushangaa. Yule mama alisema huyu mwenzake anamkera, anakuja kila siku hata asipoitwa, lakini siku akichelewa humpelekea mtoto kumwita. Wote wawili wakacheka. Nilitoka pale na moyo mwepesi, na ndiyo maana nilifika Mtoni nikiwa sijajiandaa kwa lolote.

Mtoni, jioni ileile, nilipokelewa na Bi Salma. Ni mjane wa makamo, ukoo wake ni Waarabu wa zamani wa pale, na duka lao lililoko barabara ya ndani nyuma ya Kilwa Road lina mizani ya tangu enzi za babu yake na harufu ya iliki inayokufuata mpaka barabarani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia nimekonda kwa mtu anayetoka ofisini, na kabla sijakaa vizuri nilikuwa na wali wa nazi mbele yangu. Nililala kwake siku zote nilizokuwa Mtoni, na sketi yangu inaweza kutoa ushahidi.

Baada ya chakula alinieleza mambo ya sahani. Walipoanza kazi, walikuwa wanakwenda kwa mtu wakiwa wawili wawili, wamevaa fulana za mradi, wanakaa na kuuliza maswali. Majirani wakawa wanachungulia. Watu waliokuwa wanafuatiliwa wakaanza kuwafungia milango. Bi Salma na wenzake wakakaa wakafikiri. Mtaani kwao sahani iliyofunikwa kawa ikipita kutoka nyumba hii kwenda ile, hakuna anayeuliza. Inapita kila siku, ya futari, ya hitima, ya sikukuu, au mtu kapika kingi tu. Basi wakaamua kila Ijumaa wapeleke sahani. Na kwa kuwa kwa adabu za hapo sahani ya jirani hairudishwi tupu, walijua itarudi na kitu, hata kama ni ndimu mbili. Ikirudi na kitu, maana yake humo ndani kuna mtu aliyepata nguvu za kusimama jikoni. Ikichelewa, wanakwenda haraka kuangalia kuna nini. Nyuma ya kila sahani walitia alama kwa rangi ya kucha, kama wanawake wanavyofanya na vyombo vyao wakati wa misiba, ili zisipoteane.

Nilivutiwa, sitaki kuficha. Nilijiona tayari narudi Dodoma kumwomba radhi mkuu wangu.

Kesho yake asubuhi nilikutana na watu wawili waliovuka. Walikuja wenyewe dukani, wakakaa, wakazungumza na kutania. Wa tatu niliyemchagua alikuwa Damian. Bi Salma alifurahi kusikia jina hilo.

"Huyo ndiye wa mfano wetu," alisema. "Katika sahani zote, yake ndiyo hurudi nzito. Mara kisamvu, mara samaki wa kukaanga, mara korosho za kwao Newala."

Damian ni fundi wa vinyago, alikuwa akichonga Mwenge, na anaishi na mama yake, watu wa kusini waliohamia Mtoni yeye akiwa mdogo. Mwaka uliopita alijaribu kujitoa uhai. Sababu zilikuwa nyingi na si zangu kuzisimulia. Alitibiwa, akarudi nyumbani, na Bi Salma ndiye aliyekabidhiwa kumfuatilia.

Nikamuuliza mara ya mwisho amemwona lini. Alifungua mdomo ajibu, kisha akaingia mteja wa sukari, akampimia. Mteja alipotoka, Bi Salma alikuwa bado ameshika kile kijiko cha kupimia.

"Kabla ya Ramadhani," alisema.

Na sisi tulikuwa tumekwisha kula Idi ya kuchinja.

"Lakini sahani inarudi," akaongeza. Hakulisema kwa nguvu. Alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo jirani yake alitoka nje kulitazama, tukaondoka kwa miguu.

Nyumbani kwa akina Damian tulimkuta mama yake barazani, anamenya mihogo. Ni mama mwembamba mwenye rozari shingoni. Alitukaribisha vizuri kupita kiasi. Viti vikaja, maji yakaja, mihogo ikawekwa motoni, na kila tulipotaja jina la mwanawe alikuwa na jibu tayari. Damian katoka. Damian kaenda Mwenge kazini. Damian hajambo kabisa, anawasalimu. Bi Salma aliitikia kila neno, lakini macho yake yalikuwa chini ya benchi. Pale palikuwa na patasi na nyundo ya mbao, na gogo la mpingo lililoanza kuchongwa uso, na buibui alikuwa amefunga utando kutoka kwenye patasi mpaka kwenye pua ya kile kinyago.

"Mama Damian," Bi Salma alisema, "Damian kala leo?"

Yule mama aliendelea kumenya. Alimenya muhogo mmoja mpaka ukabaki mdogo kama kidole, kisha akakiweka kisu chini.

"Nilijua sahani ikichelewa mtakuja," alisema. "Mkija mkija, mtaa utauliza. Na nimesikia mtu wa hivyo anapelekwa polisi. Nikaona bora iwe inarudi upesi, tena imejaa, msiwe na sababu. Chakula chenu nimekuwa nakila mie. Nakila huku nalia. Yeye yumo chumbani, hatoki, hali, na mie sijui tena nimwambie nini."

Niliogopa, nakwambieni kweli. Pia nilikasirika, ingawa mbele yangu hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Bi Salma hakumlaumu. Alimshika yule mama begani, akapita uani mpaka kwenye chumba cha nje chenye pazia la kitenge, akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Akapiga ya tatu. Nyie mnajua kwamba kwa adabu za Pwani hodi ni tatu. Usipojibiwa unageuka kwenda zako, na mtu kama Bi Salma aliyelelewa kwenye adabu hizo huwa hazivunji. Alisimama akiutazama ule mlango. Halafu akapiga ya nne.

"Shikamoo, mama," sauti ikatoka ndani.

"Marahaba, mwanangu. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri."

Bi Salma akakaa kwenye kizingiti, miguu nje, mgongo kwenye mwimo wa mlango, akanyamaza. Kuku walikuwa wanaparua maganda ya mihogo. Mimi nilitaka kusema kitu, chochote, na ninashukuru sikusema.

"Ila silali, mama," Damian alisema baada ya muda. "Siku nyingi sana silali."

"Naingia?"

"Ingia."

Nilibaki uani na mama yake. Sikuwa na haki ya kuingia, na pazia ni pazia tu, kwa hiyo maneno yao tuliyasikia. Bi Salma alimuuliza kama alivyofundishwa, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama umeshakunywa chai.

"Damian, unafikiria kujiua?"

"Ndiyo."

Mama yake alinishika mkono, akanibana mpaka nikahisi pete yake.

"Ahsante kwa kuniambia," Bi Salma alisema. "Leo hukai peke yako. Nipo hapa, na tutakwenda wote hospitali. Mama yako anakuja pia. Vaa shati taratibu, hatuna haraka."

Mchana huo tulikwenda kwa bajaji mbili, wao watatu mbele, mimi nyuma nikiwa na kikapu cha nguo. Kessy nilikuwa nimempigia tukiwa njiani, akatukuta kule na shati limelowa jasho. Damian alipokuwa kwa daktari, Kessy alikaa na mama yake kwenye benchi, akamweleza polepole kwamba mwanawe amekuja kutibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote, na kwamba yeye Kessy atakuwa nao bega kwa bega mpaka mwisho. Akamuuliza habari yake yeye, mama. Yule mama akajibu nzuri. Kessy hakuondoka. Akangoja, na ila ikaja, ndefu, ya miezi mingi, na simu zake mbili zikaita weee bila kupokelewa. Damian alilazwa. Daktari alisema amefika kwa wakati.

Jioni, Bi Salma alirudi nyumbani akaanza kuosha sahani zilizokuwa safi. Aliziosha zote, akazifuta, akazipanga, kisha akazishusha tena. Nilijua anachokifikiria kwa sababu nami nilikuwa nakifikiria hichohicho. Pale Mtoni hakuna aliyedanganya kwa ubaya. Wasikilizaji waliona sahani imejaa wakashukuru, mama aliijaza kwa kumpenda mwanawe, Kessy aliandika alichoambiwa, na mkuu wangu Dodoma alifurahia alichosoma. Katikati yetu wote alikuwepo mtu aliyekuwa anateketea kimya kimya huku tukimhesabu kati ya waliovuka.

Nilimuuliza anataka niandike nini. Nilikuwa najua kwamba taarifa yangu inaweza kuwafanya wakubwa waufunge mradi wa Mtoni, na yeye alijua pia.

"Andika kama ilivyokuwa," alisema. "Ukiwapelekea watu wa mikoani habari ya sahani bila hii ya leo, utawadanganya. Na nyumba kama ya Mama Damian ziko kila mahali."

Siku zilizofuata wasikilizaji wote walikutana uani kwa Bi Salma, na wala usidhani palikuwa na utulivu. Wako waliosema sahani ziachwe kabisa. Wako waliosema zikiachwa watarudi kwenye fulana na milango kufungwa. Mama mmoja alilia, akaondoka kabla ya mwisho kwenda kumwona mtu wake, na aliporudi alisema amemkuta hajambo, amemwona kwa macho, anafua. Mwishowe walikubaliana sahani ziendelee, lakini mtu anakabidhiwa mwenyewe mkononi, mnakaa naye, na kurudisha anarudisha mwenyewe. Kuhusu kurudisha na kitu, Bi Salma aliagiza waambiwe kwamba sahani za Ijumaa hazidai chochote. Wazee wawili waliguna, kwao hiyo ni kama kumfundisha mtu utovu wa adabu. Bi Salma akawaambia dhambi hiyo ataibeba yeye.

Walipokwenda kumwona kila mtu upya, idadi ya waliovuka Mtoni ilipungua. Nilimpigia mkuu wangu nikamwambia. Akauliza kama mradi umeshindwa. Nikamwambia kwamba miezi iliyopita Damian angeweza kufa akiwa ndani ya hesabu nzuri, na leo yuko wodini anakula uji ndani ya hesabu mbaya, achague mwenyewe ipi ya kupeleka mikoani. Akasema atafikiri. Ila baada ya siku chache alikubali mradi uendelee, na nikamshukuru kwa dhati.

Siku ya kurudi nilipita hospitali kumuaga Damian. Alikuwa amekaa nje kwenye kibaraza, amenyolewa, anatazama mikono yake. Tulisalimiana. Aliniambia amelala usiku kucha, na akalisema kwa mshangao, kama mtu aliyeokota kitu alichokuwa ameshakata tamaa ya kukiona. Kuhusu mambo mengine, alisema bado. Nikamwambia bado si neno baya. Stesheni Bi Salma alinisindikiza na sahani ya visheti iliyofungwa kwenye leso, na alama nyekundu ya rangi ya kucha nyuma yake.

"Hiyo usinirudishie kwa mkono wa mtu," alisema. "Uje nayo mwenyewe nikuone."

Dodoma sasa, joto limeniachia na sketi zangu zimeanza kunikaa tena. Sahani ya Bi Salma iko kabatini inanisubiri. Ijumaa moja alasiri nikiwa ofisini naandika taarifa ya Mtoni, simu yake iliingia. Alisema Damian ametoka hospitali wiki ileile, anaendelea na dawa na kwenda kuongea na mshauri, na mchana huo alikuwa amepelekewa pilau. Sasa sahani imerudi.

Nikamuuliza kaileta nani.

"Mwenyewe. Kaja nayo kwa miguu mpaka dukani."

"Na ina nini?"

"Haina kitu, mwanangu. Tupu. Hata kuiosha hajaiosha, ina punje za wali na mfupa," alisema, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko nikasikia analia, nami nikainamisha kichwa mezani nikalia pia.

Niliandika hivyohivyo kwenye taarifa, kwamba kwa Damian sahani imerudi tupu, imeletwa na mwenyewe. Mkuu wangu alipofika hapo akainua macho, akaniuliza kama hayo nayo tunayaita mafanikio.

Nikamjibu ndiyo, ila avute kiti kwanza nimweleze.